Kwa nini simu ya huduma kwa wateja haipiti kutoka Muscat?

Kwa Waswahili wanaoishi Muscat, mji mkuu wa Oman, kumpigia ndugu aliyeko Unguja, Mombasa au Dar es Salaam ni jambo la dakika moja. Kuipigia benki, kampuni ya simu au shirika la umeme la nyumbani ni jambo jingine kabisa.

Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango ya nyumbani, ikipigwa kutoka Ruwi au Seeb, hujibiwa na sauti ya mashine inayosema kwamba namba hiyo haipo. Mara nyingine simu hukatika bila ya kulia hata mara moja. Ikipita, mpigaji huachwa akisikiliza muziki huku salio lake likiteketea.

Nyuma ya simu hiyo mara nyingi pana fedha zilizokwama. Huenda ni mshahara uliotumwa kwa M-Pesa ukaingia katika namba isiyo sahihi, kadi ya benki iliyofungwa, au umeme ulionunuliwa kwa ajili ya mama mzee ambao tokeni yake haikufika. Kwa hiyo suala la namba ipi ipigwe, saa ngapi na kwa njia gani si dogo kwa mtu aliye mbali na nyumbani.

Namba fupi haivuki mpaka

Sababu ya kwanza ya simu kutopita ni kwamba namba nyingi za huduma kwa wateja zinazojulikana Afrika Mashariki si namba kamili za simu.

Safaricom ya Kenya, Vodacom ya Tanzania na MTN ya Uganda zote zimewahi kuwazoesha wateja wao kupiga 100. Kampuni ya umeme ya Kenya, Kenya Power, inajulikana kwa namba 97771. Namba kama hizi huitwa namba fupi, na huwa na maana ndani ya nchi au ndani ya mtandao mmoja tu wa simu.

Mteja wa Safaricom akipiga 100 akiwa Nakuru, mitambo ya kampuni yake ndiyo inayoamua simu hiyo iende wapi. Mtu aliyeko Muscat akipiga 100 kwa laini ya Omantel, Ooredoo au Vodafone ya Oman, mitambo ya Oman haina njia ya kujua kama anaitaka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Kuongeza namba ya nchi mbele ya namba fupi nako kwa kawaida hakusaidii, kwa sababu namba fupi haimo katika mpango wa kimataifa wa namba.

Mpango huo husimamiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, ambalo ni taasisi ya Umoja wa Mataifa yenye makao yake Geneva. Kwa mujibu wa kanuni zake, namba inayoweza kupigwa kutoka nchi yoyote huanza na namba ya nchi na haizidi tarakimu 15. Tanzania ni 255, Kenya 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo 243, na Oman ni 968.

Kwa maneno mengine, mtu aliye nje anahitaji namba ya pili, ile iliyo kamili. Kampuni nyingi kubwa zinayo, lakini huiweka mahali pasipoonekana kwa urahisi: chini ya ukurasa wa mawasiliano katika tovuti, kwenye taarifa ya benki ya kila mwezi, au nyuma ya kadi ya benki.

Simu ya bure nayo ina mipaka

Namba zinazoanza na 0800, ambazo mpigaji wa ndani ya nchi halipi chochote, zina tatizo linalofanana na hilo.

Simu ya bure si ya bure kweli. Mtu anayelipa ni kampuni inayopigiwa, kwa makubaliano na kampuni za simu za nchi yake. Makubaliano hayo hayaihusu kampuni ya simu ya Oman, na kwa hiyo kampuni hiyo haina wa kumdai gharama za simu. Ndiyo maana simu hukataliwa tangu mwanzo. Oman yenyewe ina namba zake za bure zenye tarakimu nane zinazoanza na 800, na hizo nazo ni za matumizi ya ndani.

ITU iliwahi kutafuta dawa ya tatizo hili kwa kuanzisha namba za bure za kimataifa, ambazo huanza na +800 badala ya namba ya nchi. Hata hivyo kampuni inayotaka namba ya aina hiyo hulazimika kuilipia na kupanga ifanye kazi katika kila nchi moja moja. Ni utaratibu unaozifaa zaidi kampuni zenye wateja katika mabara mengi kuliko shirika la umeme lenye wateja wa kisiwa kimoja.

Sifuri inayopotosha

Hata mtu aliyeipata namba kamili anaweza kushindwa kwa sababu ya sifuri.

Nchini Tanzania, Kenya na Uganda, namba za simu huandikwa kwa kuanza na sifuri moja. Sifuri hiyo ni ya matumizi ya ndani tu, na huondolewa mtu anapopiga kutoka nje. Namba ya mkononi ya Tanzania inayoanza na 0754 hupigwa kutoka Muscat kama +255 754, kisha tarakimu zinazofuata. Simu ya mezani ya Zanzibar, ambayo eneo lake ni 024, huwa +255 24.

Namba za Oman hazina sifuri hiyo kabisa. Zina tarakimu nane zinazopigwa vile vile zilivyo. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa na kukulia Muscat, ambaye hajawahi kuishi Unguja, hana sababu ya kujua kwamba kuna tarakimu ya kuondoa. Lipo pia jambo linaloweza kumchanganya zaidi: simu za mezani za Muscat nazo huanza na 24, tarakimu zile zile za Zanzibar.

Tatizo la sifuri huja pia kwa upande wa pili. Anayepiga simu ya kimataifa akiwa Tanzania, Kenya au Uganda huanza na sifuri tatu, 000. Oman hutumia sifuri mbili, 00. Mgeni aliyeshuka Muscat juzi akiendelea na sifuri tatu za nyumbani, simu yake haitafika.

Mataifa hayo matatu ya Afrika Mashariki yana hata njia ya mkato baina yao: 005 kwa kuipigia Kenya, 006 kwa Uganda na 007 kwa Tanzania. Njia hiyo haina maana yoyote nje ya eneo hilo. Suluhisho lililo salama ni kuandika namba zote kwa alama ya kujumlisha, +, ambayo simu ya mkononi huigeuza yenyewe kuwa sifuri zinazohitajika katika nchi iliyopo.

Simu kwa njia ya intaneti

Wengi walioko Ulaya na Marekani huepuka gharama kwa kupiga kwa njia ya intaneti. Nchini Oman mambo yamekuwa tofauti.

Kwa miaka mingi simu za sauti kupitia programu kama vile WhatsApp zimekuwa zikizuiwa nchini humo, ingawa ujumbe wa maandishi na wa sauti iliyorekodiwa hupita bila taabu. Sekta hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na huduma ya simu za intaneti inahitaji kibali. Wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020, baadhi ya programu za mikutano ziliruhusiwa ili watu waweze kufanya kazi na kusoma wakiwa majumbani.

Wapo wanaotumia programu za kuficha mahali walipo ili kuvikwepa vizuizi hivyo. Mbali na uwezekano wa kuvunja sheria za nchi, njia hiyo ina hasara nyingine isiyofahamika sana: benki inapoona mteja wa Mombasa anaingia katika akaunti yake kana kwamba yuko Uholanzi, huenda ikaifunga akaunti hiyo kwa kushuku wizi. Mtu aliyetaka kutatua tatizo moja huishia kuwa na mawili.

Njia nyingine iliyotegemewa na watu wengi duniani, Skype, ambayo iliwezesha kuzipigia simu za kawaida kwa bei nafuu, ilifungwa na wamiliki wake, kampuni ya Microsoft, mwezi Mei mwaka 2025.

Kilichobaki kwa mkaazi wa Muscat ni simu ya kawaida ya kimataifa, barua pepe, na ukurasa wa kampuni unaopokea maandishi. Njia ya maandishi ina faida ambayo simu haina: huacha kumbukumbu ya nani alisema nini na siku gani.

Saa moja, siku mbili

Tofauti ya saa baina ya Muscat na Afrika Mashariki ni ndogo. Muscat imetangulia kwa saa moja tu. Ikiwa ni saa tatu asubuhi Muscat, ni saa mbili Zanzibar, Nairobi na Kampala. Kituo kinachotangaza kwamba hufanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa mtu wa Muscat hufunguliwa saa tatu na kufungwa saa kumi na mbili.

Tofauti kubwa iko katika siku. Tangu Mei mwaka 2013, mapumziko ya wiki nchini Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Kabla ya hapo yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Afrika Mashariki hupumzika Jumamosi na Jumapili. Kampuni za simu huwa na wahudumu usiku na mchana, lakini mifuko ya hifadhi ya jamii, mamlaka za maji na matawi mengi ya benki hayana utaratibu huo.

Kwa hiyo anayepiga Jumapili, ambayo kwake ni siku ya kazi, hukuta ofisi za nyumbani zimefungwa. Siku inayomfaa zaidi ni Ijumaa asubuhi, kwani yeye yuko mapumzikoni na ofisi za nyumbani ziko wazi. Kwa Zanzibar na miji mingine ya pwani ni vyema awahi mapema, kabla ya wahudumu kwenda kuswali Ijumaa.

Laini iliyolala

Kikwazo kikubwa kuliko vyote huja baada ya simu kupokelewa. Mhudumu humtaka mteja athibitishe kwamba ni yeye, na uthibitisho huo siku hizi hutumwa kwa ujumbe mfupi katika laini ya nyumbani.

Kama laini hiyo imo katika simu na huduma ya kuitumia nje ya nchi imefunguliwa, ujumbe hupokelewa Muscat kama ungepokelewa Kariakoo. Lakini wengi huiacha laini nyumbani, au hukaa miezi mingi bila kuitumia. Kampuni za simu hufunga laini zisizotumika na baadaye humpa mtu mwingine namba hiyo. Mwenye namba wa zamani huenda akawa bado ameiandikisha benki, na ujumbe wenye namba za siri ukawa unakwenda kwa mtu asiyemjua.

Usajili wa laini umeongeza uzito wa jambo hili. Tanzania ilianza kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa mwezi Mei mwaka 2019, na tarehe 20 Januari mwaka 2020 ikaanza kuzifunga zile ambazo hazikusajiliwa. Alama ya kidole haitumwi kwa simu. Mwenye laini hutakiwa kufika mwenyewe mbele ya wakala. Kwa aliyekuwa ughaibuni wakati huo, laini iliyofungwa ilikuwa na maana ya kusubiri hadi safari ijayo.

Fedha zilizomo katika akaunti ya simu hazipotei kwa sababu laini imefungwa. Kampuni hutakiwa kuziweka katika akaunti ya amana benki, na mwenyewe hubaki na haki ya kuzidai. Kinachopotea ni urahisi wa kuzifikia, jambo ambalo kwa familia yenye mgonjwa hospitalini linaweza kuwa sawa na kuzikosa.

Ndugu aliyeko nyumbani hawezi siku zote kusaidia. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mhudumu anayekataa kumweleza dada habari za akaunti ya kaka yake anatimiza wajibu wake. Dawa yake ni hati ya uwakilishi iliyotiwa saini na kuthibitishwa; Tanzania na Kenya zote zina balozi mjini Muscat ambako raia wao wanaweza kuuliza utaratibu.

Wasio na simu mikononi

Yote haya huchukulia kwamba mpigaji ana simu na ana nafasi. Wapo Waafrika Mashariki nchini Oman wasio na vyote viwili.

Shirika la kutetea haki za binadamu, Human Rights Watch, lilichapisha ripoti mwaka 2016 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani nchini Oman, na nyingine mwaka 2017 iliyowahusu Watanzania wanaofanya kazi hizo Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Miongoni mwa malalamiko yaliyoelezwa humo ni kunyang'anywa pasi, kufanyishwa kazi saa nyingi, na kwa baadhi yao kuzuiwa kutumia simu.

Kwa mfanyakazi wa aina hiyo, anayepewa simu kwa dakika chache kwa siku, kungoja nusu saa asikilizwe na benki yake ni jambo lisilowezekana. Ndiye pia mwenye haja kubwa zaidi, kwa kuwa mshahara wake wote huenda nyumbani. Namba za kumfaa ni zile alizozihifadhi kichwani au kwenye kikaratasi kabla ya safari: ya ubalozi, ya ndugu mmoja anayemwamini, na ya polisi wa Oman, ambayo wakati wa dharura ni 9999.

Matapeli wanangoja

Mtu aliyekata tamaa ya kupata namba ya kweli huwa windo jepesi la matapeli.

Hila yao ni ya kawaida. Hufungua ukurasa wenye jina na nembo ya benki au kampuni ya simu, huweka namba ya mkononi, kisha huwangoja wanaolalamika hadharani. Mteja akiandika kwamba fedha zake hazijafika, hujibiwa haraka kuliko kampuni yenyewe inavyojibu. Hatimaye huombwa namba yake ya siri, au ile iliyotumwa punde kwa ujumbe mfupi.

Kanuni ya kujikinga ni moja nayo haina ubaguzi: mhudumu wa kweli hana haja ya namba ya siri ya mteja. Anaweza kuuliza jina kamili, namba ya kitambulisho au muamala wa mwisho. Akiuliza namba ya siri, simu ikatwe. Nchini Tanzania, ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuutuma kwenda 15040; lakini hiyo nayo ni namba fupi, na mtu aliyeko Muscat atahitaji ndugu aliye nyumbani amfanyie kazi hiyo.

Kabla ya kupiga, na baada yake

Anayejitayarisha hupunguza dakika anazolipia. Kwa tatizo la fedha za simu, mhudumu atataka namba ya muamala, tarehe, saa na kiasi. Kwa umeme wa kulipia kabla, uwe Luku ya Tanzania Bara au Tukuza ya Zanzibar, atataka namba ya mita. Tokeni yenye tarakimu 20 hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, kwa hiyo iliyonunuliwa kwa namba yenye kosa la tarakimu moja haitafanya kazi katika nyumba iliyokusudiwa.

Kabla ya kukata simu, mpigaji adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake na jina la mhudumu. Bila ya namba hiyo, simu ya pili huanza upya kana kwamba ya kwanza haikupigwa. Na kampuni isipotatua tatizo, namba hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza utakaotakiwa na wasimamizi: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, mamlaka zinazofanana nayo za Kenya na Uganda, au benki kuu iwapo lalamiko linahusu benki. Taasisi hizo humtaka mlalamikaji aanze kwanza na kampuni yenyewe.

Lakini mzigo wote si wa mteja. Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari mwaka 1879, na tangu mwaka 2009 nyaya za kisasa za intaneti zimefika pwani yote ya Afrika Mashariki. Njia ya sauti kutoka Muscat hadi Unguja ipo. Kampuni inayopokea fedha za walioko ughaibuni ingeweza kuwafaa kwa jambo jepesi, nalo ni kuiandika namba yake kamili yenye alama ya kujumlisha pale pale inapoandika namba fupi, na kuweka anwani ya barua pepe inayosomwa kweli.

Mpaka hapo itakapofanya hivyo, anayejiandaa kusafiri ana kazi ya kuifanya angali nyumbani: kuingia katika tawi la benki yake na duka la kampuni yake ya simu, kuomba namba inayopigwa kutoka nje, kuhakikisha kwamba laini yake imesajiliwa na inaweza kutumika ugenini, na kuziandika namba hizo pembeni mwa simu yenyewe. Simu ikiibwa au ikizimika, kikaratasi ndicho kitakachobaki.